Cotopaxi: mlima wa moto ambao hatari yake ni maji

Msomaji wa Kiswahili akisikia neno volkeno, fikra humpeleka Goma. Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikashuka hadi katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Usiku wa 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikaishia pembezoni mwa mji. Tangu hapo, tukizungumzia milima ya moto, tunauona mto mwekundu unaokula nyumba. Ili kuuelewa Cotopaxi, ulioko Ekuador huko Amerika Kusini, inabidi picha hiyo tuiweke kando. Lava ya Cotopaxi ni nzito, hujikokota, na aghalabu hugandia kwenye miteremko ya mlima wenyewe. Kilichoua watu wengi zaidi katika historia yake ni maji.

Jambo hili linawashangaza wengi, na ndilo linalonivuta mimi kwa mlima huu kuliko uzuri wake, ambao nao ni mkubwa. Ukiufuatilia kuanzia kina cha ardhi hadi kileleni, kisha ukateremka nao hadi baharini, unakuta maji kila hatua: yanasaidia kuuzaa moto wake, yanaupa nguvu ya kulipuka, yanabeba maangamizi yake mabondeni, na hatimaye yanatoka kwenye mabomba ya Quito, mji mkuu.

Juu ya Kilimanjaro kwa mita mbili

Cotopaxi uko katika safu ya Andes, kilomita 50 na kitu kusini mwa Quito. Kilele chake kina mita 5,897, na cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Yote miwili ni volkeno za tabaka, yaani milima iliyojengeka kwa lava na majivu kulaliana awamu baada ya awamu kwa maelfu ya miaka. Yote iko jirani na ikweta: Kilimanjaro nyuzi tatu kusini, Cotopaxi haufiki hata nyuzi moja. Yote ina barafu kileleni. Mtu angedhani ni ndugu wa tumbo moja, kumbe asili zao ziko mbali sana.

Kilimanjaro unahusiana na Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linavutwa na kupasuka, mwamba wa chini ukapata upenyo wa kuyeyuka na kupanda. Cotopaxi umezaliwa na msongamano. Pwani ya Ekuador, bamba la Nazca, ambalo ni sakafu ya Bahari ya Pasifiki, linajipenyeza chini ya bara la Amerika Kusini kwa kasi ya sentimita kadhaa kila mwaka. Sakafu hiyo imekaa baharini mamilioni ya miaka, na madini yake yamefyonza maji. Inapozama hadi kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua maji hayo, nayo hupanda na kuingia katika mwamba wa moto ulio juu yake.

Hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote. Mwamba huo ni wa moto sana, lakini kwa kuwa umebanwa na uzito mkubwa haujayeyuka. Maji yakiuingia, kiwango cha joto kinachohitajika ili uyeyuke hushuka. Kwa hiyo mwamba ambao jana ulikuwa mgumu unaanza kuwa magma bila joto kuongezeka. Maji ya Pasifiki ndiyo yanayowasha tanuri la Andes.

Maji hayohayo hubaki yameyeyuka ndani ya magma inapopanda. Magma ya Cotopaxi ina silika nyingi (kemikali iliyomo pia katika mchanga na kioo) kuliko ya Nyiragongo, na silika huifanya iwe nzito na yenye kunata. Kadiri inavyokaribia juu mgandamizo unapungua, na maji yanageuka viputo vya mvuke. Katika lava nyepesi kama ya Nyiragongo viputo hujitokea kwa urahisi. Katika magma nzito vinanaswa, vinajazana, hadi siku vinapoipasua magma yenyewe vipande vipande na kuirusha angani ikiwa majivu na mawe. Mtu anayeuliza kwa nini Nyiragongo hutiririka na Cotopaxi hulipuka, jibu lake linaanzia hapo.

Ulipukaji huo, ukifuatwa na vipindi vya lava nzito kugandia karibu na mdomo, ndio uliouchonga mlima kuwa na umbo la koni karibu kamili. Kreta yake, yaani shimo la kileleni, ina upana wa mita 800 hivi. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alifika mwaka 1802 na kulisifu umbo lake, ila hakufika kileleni. Wa kwanza kukikanyaga wanaojulikana ni Mjerumani Wilhelm Reiss na Ángel Escobar, mwaka 1872, na mwaka 1880 Mwingereza Edward Whymper akalala usiku mzima juu kabisa ili aitazame kreta gizani.

Barafu juu ya tanuri

Ikweta na barafu havipatani masikioni, lakini kwa watu wa Moshi au Nanyuki si kitu kigeni. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za sentigredi kila unapopanda mita 1,000. Ukifika mita 5,000 hivi pale Andes, kinachoanguka ni theluji, na isiyoyeyuka hulundikana na kugandamana kuwa barafu. Cotopaxi una faida ambayo Kilimanjaro hauna: upande wake wa mashariki unatazama bonde la Amazon, na upepo kutoka msituni huleta unyevu karibu mwaka mzima. Ndiyo maana barafu ya upande huo hushuka chini zaidi kuliko ya magharibi.

Kwa hiyo tuna mlima wenye magma ndani na kofia nene ya barafu juu. Mlipuko unapotokea, si lazima lava igusane na barafu. Hatari kubwa zaidi ni mawingu mazito ya gesi, majivu na mawe yenye joto la mamia ya nyuzi, ambayo badala ya kupaa huporomoka kwenye miteremko kwa kasi kuliko gari. Yanapopita juu ya barafu yanaikwangua na kuiyeyusha tabaka la juu kwa dakika chache. Maji yanayopatikana kwa ghafla namna hiyo huzoa majivu, mchanga na mawe, yakawa tope zito. Wataalamu huliita lahari.

Lahari si mafuriko ya kawaida, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Maji ya mto uliofurika humsukuma mtu, lahari humponda. Lita moja ya tope hilo inaweza kukaribia uzito wa kilo mbili, na kwa sababu ni zito hivyo linabeba mawe makubwa kama nyumba bila kuyazamisha. Likiwa njiani linaendelea kukua, kwa kuwa linachimba kingo za mto na kumeza kila linachokuta. Kisha huganda. Aliyezama humo hata kumtoa ni kazi.

Linafuata mito, na mito ya Cotopaxi inakwenda pande tatu. Kaskazini kuna Mto Pita, unaoteremka hadi bonde la Los Chillos jirani na Quito, kisha kupitia mito mingine hufika Esmeraldas kwenye Pasifiki. Kusini-magharibi kuna Cutuchi, unaopita Latacunga, mji mkuu wa jimbo la Cotopaxi, na maji yake kupitia Patate na Pastaza huingia bonde la Amazon. Mashariki kuna vijito vinavyoishia Mto Napo, nao ni wa Amazon pia. Mlima mmoja unaweza kutuma tope lake kuelekea bahari mbili.

26 Juni 1877

Wahispania walipofika Ekuador katika miaka ya 1530 waliukuta Cotopaxi ukilipuka. Ukalipuka tena 1742 hadi 1744, wakati wanasayansi wa Ufaransa waliotumwa kupima umbo la dunia wakiwa bado nchini, na wakaandika walichokiona. Ukarudia 1766 hadi 1768, na 1853 hadi 1854. Kila mara Latacunga ilikuwa miongoni mwa walioumia, na kila mara watu walijenga upya mahali palepale, maana udongo ni mzuri na njia kuu ya nchi inapita hapo.

Mlipuko wa 1877 ndio tunaoujua vizuri zaidi, kwa sababu mtaalamu wa miamba Theodor Wolf, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Ekuador, alikwenda baadaye kuhoji walioshuhudia na kupima athari. Asubuhi ya 26 Juni watu waliokuwa wakiutazama mlima waliona kitu cheusi kikifurika kutoka kwenye kreta pande zote kwa wakati mmoja, na kulinganisha walikotumia ni povu la sufuria ya mchele linapochemka na kumwagika ghafla. Kitu hicho kilikuwa mkondo wa gesi na majivu ya moto. Muda mfupi baadaye mlima ukafichwa na mawingu, na kilichosikika ni mngurumo wa mabonde.

Tope lilifika Latacunga kwa muda wa saa moja hivi. Upande wa kaskazini liliikumba Los Chillos kwa kasi kama hiyo. Madaraja yalikwenda, mashamba yakafunikwa, viwanda vya nguo vikazikwa. Lahari ya kaskazini iliendelea kushuka mtoni usiku kucha, na saa 18 hivi baada ya mlipuko ikafika Esmeraldas, mamia ya kilomita kutoka mlimani, ikiingiza baharini mabaki ya nyumba na miili. Majivu yaliigubika Quito, mchana ukawa giza. Watu wapatao 1,000 walikufa.

Linalonigusa katika kisa hiki ni kwamba mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa sana kwa vipimo vya Cotopaxi. Miaka 4,500 hivi iliyopita ulilipuka mwingine ambao sehemu ya ubavu wa mlima iliporomoka na barafu ikayeyuka kwa wingi, ukaleta lahari yenye ujazo wa karibu kilomita nne za mchemraba. Mabaki yake yamelala chini ya bonde lote la Los Chillos, na juu yake leo kuna maduka, shule na mitaa ya watu. Ni mojawapo ya lahari kubwa zaidi zinazojulikana duniani katika miaka 10,000 iliyopita.

Na mlipuko mdogo unaweza kutosha kabisa kuleta msiba. Kolombia, jirani wa kaskazini, ilijifunza hilo kwa machungu tarehe 13 Novemba 1985. Nevado del Ruiz, volkeno nyingine yenye barafu, ulilipuka kiasi, ukayeyusha sehemu ndogo tu ya barafu yake, takriban moja ya kumi. Lahari ilichukua zaidi ya saa mbili kuufikia mji wa Armero, zaidi ya kilomita 70 kutoka kileleni. Watu 23,000 hivi walikufa, wengi wao wakiwa vitandani. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa na wiki chache kabla ilikuwa imetolewa. Saa mbili zilitosha kumfikisha kila mtu mahali palipoinuka kwa miguu. Amri ya kuondoka haikuwafikia. Sioni namna ya kusoma habari za Armero na kuziita janga la asili peke yake.

Kuusikiliza mlima

Ekuador iliyachukua mafunzo hayo kwa uzito. Taasisi ya Jiofizikia ya Chuo cha Ufundi cha Taifa mjini Quito imeuzungushia Cotopaxi vipima mitetemo, vipima gesi na kamera, na mabondeni imeweka vifaa vinavyohisi mtikisiko wa tope linaloshuka. Magma inapopanda huvunja miamba, kwa hiyo matetemeko madogo huongezeka. Hewani gesi ya salfa nayo huongezeka. Na mlima wenyewe huvimba kwa kiasi ambacho jicho halikioni.

Kuanzia Aprili 2015 dalili hizo zilijitokeza. Alfajiri ya 14 Agosti mlima ukalipuka, safu ya majivu ikapaa, na majivu yakaanguka hadi Machachi na kusini mwa Quito. Serikali ya Rais Rafael Correa ikatangaza hali ya hatari siku iliyofuata. Kwa miezi mitatu hivi mlima ulitoa majivu, kisha ukanyamaza. Oktoba 2022 ukaanza tena kutoa majivu na mvuke, ukaendelea hadi katikati ya 2023. Katika vipindi vyote viwili hapakuwa na lahari kubwa. Zilitokea ndogo, mvua zilipoosha majivu mapya kutoka kwenye korongo.

Watu wengi waliishia kuona kwamba wataalamu waliwatisha bure. Namwelewa aliyefunga biashara yake wiki kadhaa akaona mlima umetulia. Lakini magma inaweza kupanda, ikasita, ikapoa humohumo, na hakuna kifaa kinachoweza kuahidi itakachofanya kesho. Walio katika njia za lahari za Cotopaxi leo ni zaidi ya 300,000. Wakazi wa Latacunga na Los Chillos hawatakuwa na saa mbili za Armero. Ratiba yao ni ile ya 1877, saa moja au pungufu. Katika muda huo king'ora kinapaswa kulia, na mtu anapaswa awe anajua tayari ni njia ipi inapanda kutoka bondeni.

Nyasi zinazohifadhi maji

Kati ya mashamba na barafu, kuanzia mita 3,500 hivi kwenda juu, kuna nyika za baridi ziitwazo paramo. Hifadhi ya Taifa ya Cotopaxi, iliyoanzishwa 1975 na yenye zaidi ya hekta 33,000, inalinda sehemu ya nyika hizo. Anayeziona mara ya kwanza huona nyasi za mashungi za rangi ya hudhurungi, upepo, na ziwa dogo la Limpiopungo lenye bata na membe, na hapajui palipo na thamani.

Thamani yake imo ardhini. Majivu ya milipuko ya zamani yamegeuka udongo mweusi wenye vinyweleo vingi, na kwa kuwa baridi huchelewesha kuoza, majani yaliyokufa hujilimbikiza humo karne kwa karne. Udongo huo hunywa mvua na ukungu na kuyaachia maji kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi. Quito hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka paramo za mlima huu na za jirani yake Antisana. Mto Pita, uleule uliobeba lahari ya 1877, hulisha mojawapo ya mifumo mikubwa ya maji ya mji. Tangu mwaka 2000 kuna mfuko maalumu wa kuzihifadhi paramo hizi, na sehemu ya ada ambayo shirika la maji la Quito hukusanya kwa wateja huingia humo. Huo naona ni uamuzi wa busara kuliko mabwawa mengi niliyosoma habari zake.

Maadui wa paramo ni moto wa kuchoma nyasi, ng'ombe wengi kupita kiasi, na misonobari. Misonobari ya asili ya California ilipandwa upande wa kuingilia hifadhini kwa nia njema ya kupata mbao, lakini hunywa maji mengi na kuukausha udongo uliochukua maelfu ya miaka kujengeka. Udongo huo ukishakauka sana, haurudii uwezo wake wa zamani.

Viumbe wa huko watamkumbusha mpanda milima wa Afrika Mashariki mambo aliyoyaona Mlima Kenya. Kuna mimea ya jamii ya nanasi, puya, yenye majani yaliyojipanga duara ardhini na mkungu mrefu wa maua unaosimama katikati, ambayo ukiiona kwa mbali utasema ni lobelia yetu. Hazina undugu wa karibu. Kila moja ilifikia umbo hilo kivyake, kwa sababu zote mbili hukabiliwa na jua kali mchana na baridi ya kugandisha kila usiku. Kuna chuquiragua, kichaka chenye maua ya rangi ya machungwa, na ndege mdogo, kolibri wa Ekuador, anayefyonza nekta yake. Kazi hiyo huku kwetu hufanywa na chozi. Kolibri huyo, ili asife njaa usiku, huacha mwili wake upoe na moyo wake upunguze mapigo hadi alfajiri. Kwenye nyasi hupita mbweha wa Andes na kulungu, na angani mara chache kondori.

Barafu inapopungua

Mwaka 1976 barafu ya Cotopaxi ilifunika kilomita za mraba 21 hivi. Miaka 40 baadaye ilikuwa imebaki nusu. Kilimanjaro umepoteza zaidi: kati ya 1912 na 2011 asilimia 85 hivi ya barafu yake ilitoweka. Swali linakuja lenyewe: barafu ikiisha, hatari ya lahari nayo inaisha?

Inapungua, ila hesabu si nyepesi. Mkondo wa moto huyeyusha hasa tabaka la juu la barafu, kwa hiyo eneo lililofunikwa lina uzito zaidi kuliko unene. Eneo likiwa nusu, mlipuko uleule wa 1877 ungetoa maji machache kuliko wakati ule. Lakini waliokaa njiani mwaka 1877 walikuwa wachache mno ukilinganisha na wa sasa, na tope lililopungua hata kwa nusu bado lingeufikia mji. Mlipuko mkubwa zaidi ya ule ungeifuta faida hiyo. Na hata siku barafu itakapokwisha kabisa, mvua za Andes hazitakwisha: majivu yaliyolala kwenye miteremko yakipigwa na mvua kubwa hushuka yakiwa tope miezi na hata miaka baada ya mlipuko, kama yale madogo ya 2015 yalivyoonyesha. Baada ya mwaka huo Taasisi ya Jiofizikia ilitoa ramani mpya za hatari kwa kanda za kaskazini, kusini na mashariki. Maeneo yaliyotiwa rangi humo yanafuata mabonde yaleyale ya Pita, Cutuchi na vijito vya Napo.